Mkwe wa Chawia

Mama Wakesho tulimzika kule Chawia, milimani, wiki iliyopita, na tangu nirudi hapa Mahoo sijashika kazi yoyote ikakamilika. Nakaa barazani asubuhi, chai inapoa mkononi, mbele yangu migomba inapepea, nami siioni. Naona ua mdogo wa udongo mwekundu mjini Voi, kamba ya nguo, sufuria zimeanikwa juani, na mzee mzungu aliyevaa fulana akipuliza vumbi kutoka ndani ya cherehani ya mtu. Kule mazishini ukungu ulikuwa mzito hata akina mama wa kanisa walionekana nusu nusu, sauti zao zikifika kabla ya nyuso zao. Marehemu alikuwa amepita miaka tisini. Walimlaza kando ya mumewe, na vijana waliokuja kubeba jeneza wakawa wanajaribu kulisoma jina refu la kigeni kwenye msalaba wa saruji. "Huyu mzungu alikuwa nani?" mmoja wao akauliza. Mzee wa ukoo akamjibu bila kugeuka, "Ni mkwe wetu," na jibu hilo likatosha. Nilishuka mlima nikitambua kwamba sasa nimebaki peke yangu ninayeukumbuka mwaka ule kutoka ndani ya ua ule.

Nilikuwa nimevuka miaka ishirini kidogo tu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nangoja kuitwa chuo kikuu, na shule moja ya sekondari pale Voi haikuwa na mwalimu wa historia. Wakanichukua hivyo hivyo bila kusomea ualimu, nikasimama mbele ya wanafunzi ambao wengine walinizidi kimo. Chumba nilikipata nyuma ya hoteli ya Mama Wakesho, karibu na stesheni ya reli. Kilikuwa na kitanda cha chuma, meza yenye mguu mmoja mfupi, dirisha la wavu, na ukutani kalenda ya miaka iliyopita ambayo nilikatazwa kuitoa kwa sababu ilificha ufa. Jua likizama mabati yalianza kupoa na kulia, ta, ta, ta, huku na huku, kama watu wanaoitana kwa mbali. Joto la Voi halishuki kutoka juu, linapanda kutoka ardhini, nawe unalala ukiwa umelibeba kifuani. Halafu alfajiri mlima Sagalla unatokea wa buluu, mwepesi, kana kwamba ungeweza kuusogeza kwa mkono, na kwa muda huo mfupi unasahau kabisa kwamba kutakuwa na mchana. Nikikumbuka mwaka ule kila kitu kina rangi ya vumbi lile jekundu, hata maziwa, hata karatasi za mitihani, hata usingizi wangu.

Alfajiri kama hizo ndipo nilipokuwa nikiwasikia kupitia ukutani, Mama Wakesho na mumewe, Mzee Tino, wakizungumza Kidawida, lugha ya kwao Chawia, kwa sauti ya chini. Mimi ni Mtaveta, nilidaka neno hapa na pale tu. Mzee Tino alijua lugha nyingi na zote alizivunja viungo, lakini Kidawida chake kilikuwa kizima kuliko Kiswahili chake, kwa sababu ndicho alichotumia kugombana na mkewe miaka yote. Alikuwa Mwitaliano. Aliletwa nchi hii akiwa mfungwa wa vita, baada ya jeshi la kwao kushindwa kule Uhabeshi, akavunja mawe na kutengeneza barabara pamoja na wenzake. Vita vilipokwisha alirudishwa kwao, akakaa kidogo, akaona hakubaki na mtu, akarudi kufanya kazi ya mitambo kwenye shamba la mkonge. Hapo ndipo alipomkuta msichana wa Chawia anayewauzia vibarua uji. Baba wa msichana alikataa kwa muda mrefu, na kisha siku moja, kwa sababu ambazo hakuna aliyenieleza, akakubali. Mimi nilimkuta tayari ni mzee wa nywele nyeupe, fundi wa cherehani, pampu za maji na baiskeli, anayeniita "maestra", ambalo kwao ndilo jina la mwalimu wa kike.

Chakula tulikula pamoja uani, baada ya wateja kwisha. Mzee Tino hakuukata ugali kwa mkono kama sisi. Aliumimina juu ya ubao, akaungoja ushikane, akaukata vipande kwa uzi, kama mama yake alivyoufanya, maana kule kwao milimani unga ulikuwa ni huu huu wa mahindi. "Kwetu hii ndiyo chakula ya maskini," alisema karibu kila siku. "Na hapa pia," Mama Wakesho alimjibu, "kwa hivyo nyamaza ule." Kiporo chake alikikaanga asubuhi kwa nyanya, na harufu ile ya ugali ulioungua kidogo iliniamsha kuliko kengele yoyote. Jumapili Mama Wakesho alipika kimanga, maharagwe na viazi vilivyopondwa pamoja mpaka vikawa kitu kimoja laini, na sisi watatu tulikula bila haraka huku garimoshi la mizigo likipita na kutikisa maji ndani ya vikombe. Nilikuwa na furaha. Nalisema hilo kwa sababu watu wakisikia habari za miaka ile hufikiri tulikuwa tunatembea tukitetemeka mchana kutwa. Hapana. Tulikula, tulicheka, tulisuka nywele. Woga ulikuwa kama ule ufa nyuma ya kalenda. Ulijua uko pale, nawe ukapanga fanicha zako kulingana nao.

Chama kilikuwa kimoja tu. Picha ya Rais ilikuwa hotelini juu ya kabati la mandazi, kama ilivyokuwa katika kila duka, na Mama Wakesho aliipangusa vumbi kwa kitambaa kile kile cha meza. Kwenye steji ya mabasi na mlangoni mwa soko walisimama vijana wa chama wenye beji kifuani. Ukitaka kupita uonyeshe kadi ya chama, na asiyekuwa nayo alirudi nyumbani na kikapu kitupu. Nilizoea kuwasikia wafanyakazi wa reli wakizungumza hotelini kutoka chumbani kwangu, sauti zikipanda juu ya mshahara, juu ya mpira, juu ya mbunge. Kisha mlango ulifunguliwa, mtu fulani akaingia, na mazungumzo yote yakageuka kuwa habari za mvua. Voi mvua hainyeshi mara nyingi. Mwaka ule tuliizungumzia mvua sana.

Muhula wa pili nilifika kwenye sura ya kitabu inayoeleza jinsi udikteta ulivyoinuka Ulaya kati ya vile vita viwili vikubwa. Nilikuwa nimeikariri kwa mtihani wangu mwenyewe, nami nikaanza kuwakaririsha wengine: umaskini baada ya vita, hasira ya askari waliorudi bila kazi, woga wa matajiri, mashati meusi kule Italia, mashati ya kahawia kule Ujerumani. Wanafunzi waliandika vichwa vikiwa vimeinama. Walikuwa wanaandika kama mtu anayenakili bei za vitu ambavyo hatavinunua kamwe. Jioni ile nikamwambia Mzee Tino, "Mzee, leo nilikuwa nafundisha habari za kwenu." Akaniuliza habari zipi, nikamwambia. Akachukua bisibisi yake akaitazama ncha. "Sijui hiyo," akasema. "Mimi ni fundi."

Ningeliacha hapo, lakini Jumamosi moja mpwa wa Mama Wakesho aliteremka kutoka Chawia na chupa ya mafuta ya mbarika, yale mazito ya kupaka nywele, yaliyokamuliwa nyumbani. Tulikuwa tunakula. Yule msichana akafungua kizibo anusishe shangazi yake, na Mzee Tino akasimama. Aliacha sahani yake, akatoka kwa mlango wa nyuma, tukamwona amesimama karibu na reli, mkono umeshika mti wa simu. "Funga hiyo," Mama Wakesho akamwambia mpwa wake kwa upole. "Kosa si lako. Hayo mafuta hayaingii hapa." Nilidhani ni ugonjwa. Nikauliza kama ni tumbo. Mama Wakesho akasema, "Ni baba yake. Ukitaka kujua, umuulize kesho, akitoka kanisani. Siku ingine hatakwambia."

Basi kesho yake nikamuuliza, akaniambia, akiwa amekaa kwenye kiti chake cha kazi na mikono bila kazi. Baba yake alikuwa fundi wa viatu katika mji mdogo chini ya milima. Mafundi wenzake hawakujua kusoma, kwa hiyo jioni walikusanyika kibandani mwake, naye akawasomea gazeti kwa sauti, gazeti la wafanyakazi. Kisha vijana wa mashati meusi wakaja. "Si watu wa mbali, maestra. Mmoja ni mtoto wa kinyozi. Mmoja baba alimpa baiskeli, alienda harusi nayo." Walimkalisha, wakamziba pua, wakammiminia kooni chupa nzima ya mafuta ya mbarika. Halafu wakamtembeza mji mzima, kutoka kanisani hadi darajani, huku tumbo likimwagika ndani ya suruali yake na wao wakiimba. Tino alikuwa mtoto mdogo. Alitembea nyuma ameshika kofia ya baba yake, kwa sababu ilianguka na hakujua afanye nini nayo. "Na madirisha," akasema. "Tunakuja, dirisha inafungwa. Tunakuja, dirisha inafungwa. Kabla hatujafika." Asubuhi iliyofuata majirani wale wale walileta viatu. Habari ya asubuhi, kisigino hiki kimeisha. Hakuna aliyetaja jana. Baba yake akavipokea, akavitengeneza.

Nilimwomba aje darasani. Sikufikiria sana, na sijui kama ningefikiria ningefanya tofauti. Nilimwambia kwamba wanafunzi wangu wanaandika maneno hayo kama majina ya dawa. Alikaa siku kadhaa bila kunijibu, kisha asubuhi moja nikamkuta uani amevaa koti lake la kanisani, amechana nywele kwa maji, na Mama Wakesho anamfunga kifungo cha shingoni huku akinung'unika. "Unaenda kufundisha na hujui hata kusema *kiti* na *viti*," alikuwa akimwambia. Tukatembea hadi shuleni. Jua lilikuwa bado changa, na kivuli chake kilikuwa kirefu sana mbele yetu, nami nakumbuka nilijihadhari nisikikanyage.

Aliwasimulia Kidato cha Tatu kama alivyonisimulia mimi, na mwanzoni kulikuwa na kucheka kidogo kwa sababu ya matamshi yake. Alipofika kwenye kofia kicheko kiliisha. Kisha akasema jambo ambalo hakuwa ameniambia. "Halafu mimi pia nikaingia. Shule nzima iliingia. Shati nyeusi, ngoma, bunduki ya mbao. Na nilipenda. Kitabu yenu haisemi hii. Nilipenda sana! Ngoma inalia, miguu yote inakanyaga pamoja, wewe si mtoto wa fundi tena. Wewe ni kitu kubwa." Mvulana mmoja wa nyuma akainua mkono. "Mzee, na wale watu wazima, mbona hawakukataa?" Mzee Tino akafikiri. "Wakati gani? Kwanza ni wimbo. Nani anakataa wimbo? Halafu ni shati, na shati ni kitambaa tu. Halafu ni kadi, na bila kadi hakuna kazi, na mtoto nyumbani anataka kula. Siku ya kukataa inapita, hata huijui sura yake."

Kulikuwa na msichana anayeitwa Mkamburi, mpole, wa kiti cha mbele, ambaye muhula mzima hakuwa ameuliza swali. Aliinuka taratibu kama mtu anayeenda kusoma Biblia kanisani. "Mzee," akasema, "na hapa kwetu je? Inaweza kufika?" Nikasikia mbuzi wa jirani akikwaruza ukuta. Kila mtu alitazama dawati lake. Mzee Tino alinitazama mimi, na nadhani aliona nilivyokuwa nimekauka, maana alitabasamu kidogo. "Mimi ni mkwe tu," akamwambia. "Mkwe hasemi mambo ya nyumba ya watu. Wewe mwenye nyumba, wewe ndiye utaniambia." Kengele ikalia. Wanafunzi wakatoka bila zile kelele zao.

Siku chache baadaye hedmasta aliniita. Hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani akaisugua kwa tai yake muda mrefu. "Mwalimu Salome," akasema, "historia iko kwa kitabu. Imekufa, imelala, inangoja mtihani. Wewe umeileta darasani ikitembea na miguu yake. Sasa watu wananipigia simu." Nikamuuliza ni watu gani. "Watu," akasema. "Mimi niko na watoto, mwalimu. Usiniulize watu gani."

Kuanzia wiki ile vijana wa chama walihamia mlangoni mwa hoteli ya Mama Wakesho. Hawakumpiga mtu, hawakuvunja sahani. Walisimama tu, na kila mteja aliyefika walimwomba kadi, wakaishika muda mrefu, wakamtazama uso, wakairudisha. Wafanyakazi wa reli wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Walimsalimia Mama Wakesho kwa macho, au wakasema, "Mama, tutakuja kesho," na kesho hawakuja. Sufuria ya maharagwe ilirudi uani jioni ikiwa imejaa, tukala sisi watatu maharagwe yale asubuhi na jioni, na hakuna aliyefanya mzaha. Mmoja wa vijana wale wa mlangoni alikuwa mazishini Chawia wiki iliyopita. Ni mzee sasa, ana mvi na mkongojo, na alilia machozi ya kweli. Nilimpa mkono. Nilitafuta moyoni hasira yangu ya zamani, sikuipata, na sijui kama hilo ni jambo zuri. Lakini wakati ule nilimchukia hata nilipokuwa usingizini. Alfajiri nilimsikia Mzee Tino kupitia ukutani akisema maneno machache ya Kidawida niliyoyaelewa yote: ni mimi nimekuletea haya. Na sauti ya mkewe ikamjibu, nzito kwa usingizi, anyamaze alale.

Duka la jirani lilikuwa la Bi Rukia, mama wa Kiislamu ambaye watu wake walitoka Mombasa zamani wakafuata reli. Aliuza kanga, udi na manukato, na hakuwahi kula hotelini kwetu, kwa kuwa alikipenda chakula cha mkono wake mwenyewe na alilisema hilo waziwazi. Siku moja adhuhuri, jua likiwa utosini, niliporudi kula nilimwona anatoka dukani mwake amebeba kiti. Akakivuta hadi mlangoni mwa Mama Wakesho, akakiweka chini pale kizingitini, mbele ya macho ya stesheni nzima.

"Kadi, mama," kijana akamwambia.

"Kadi ya nini, mwanangu? Nimekuja kunywa chai kwa jirani yangu. Tangu lini chai ikaombewa kadi?"

"Ni sheria, mama."

"Haya. Wewe si mtoto wa Mariamu wa kule kisimani? Kanga aliyokubebea mgongoni ilitoka dukani kwangu, rangi ya zambarau, nakumbuka. Hebu sogea kidogo, baba, wanizibia upepo."

Kijana akasogea. Nadhani miguu yake ilimtii Bi Rukia kabla yeye mwenyewe hajaamua. Bi Rukia akaketi, akatandaza buibui lake, akaita kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mabehewa, "Wakesho! Hiyo chai utie tangawizi, si maji ya kuogea!" Akarudi kesho yake, na siku zilizofuata, kila adhuhuri, akilalamikia kila kitu: mandazi makavu, kikombe kina ufa, inzi. Siku moja mzee mmoja wa reli akasimama kumsalimia, akajikuta ameketi. Kisha wengine wawili. Mzee Tino alikuwa amesimama ndani, nyuma ya kabati, kitambaa cha grisi mkononi, akimwangalia yule mama mnene akipepea uso wake kwa ukingo wa buibui. "Kule kwetu hakutoka mtu," akasema. Hakuwa anazungumza nami.

Lakini wito ulikuja hata hivyo. Mzee Tino alitakiwa afike ofisi ya serikali huko juu milimani, yeye na vibali vyake vya kuishi nchini. Akafunga mkoba mdogo, mashati mawili na wembe, kama mtu ambaye amewahi kuchukuliwa na anajua kinachohitajika. Hedmasta hakunipa ruhusa, nikaenda. Tulipanda na lori la mboga lililokuwa linarudi tupu, Mama Wakesho, amevaa kitambaa chake cheupe cha akina mama wa kanisa, mbele na dereva, mimi na mzee nyuma juu ya magunia yenye harufu ya kabichi. Kona baada ya kona hewa ikapoa, vumbi likabaki chini, ukungu ukaanza kutupapasa mikono. Mzee Tino alifumba macho akavuta pumzi. "Inanuka nyumbani," akasema, nami sikumuuliza nyumbani gani.

Ofisa aliyetupokea alikuwa kijana, msafi, mwenye sauti nzuri. Alituagizia chai, na hiyo chai ndiyo iliyonitia hofu. "Mzee, umekaa nchi hii kwa amani miaka mingi," akasema. "Ni nani alikutuma kuwaambia watoto wa shule mambo ya siasa?"

"Hakuna," Mzee Tino akajibu upesi. "Mimi mwenyewe. Mtu akizeeka anapenda kuongea."

Mzee alikuwa akijibebesha lawama, ananifungulia mlango nitoke. Ningeweza kuinama, kunywa chai yangu na kuteremka salama, na mzee na mkewe wasingenilaumu. "Nilimwita mimi," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyekaa nyuma yangu. "Mimi ndiye mwalimu wao." Ofisa alinitazama kwa mara ya kwanza, akatikisa kichwa kama anayesikitikia kitu kizuri kilichoanguka. Kisha akamgeukia Mama Wakesho. "Mama, tukimrudisha kwao, wewe utabaki au utaenda na yeye?"

Mama Wakesho aliweka kikombe chini. Akakaza kitambaa chake. "Kwao ni wapi? Mahari yake ilipokelewa Chawia. Baba yangu alimwonyesha mahali pa kulima na mahali atazikwa. Ukitaka kumrudisha kwao, kijana wangu, si mbali. Umpeleke Chawia, uingie na wewe, uwaambie wazee ni kwa nini." Ofisa alitazama dirishani, ambako hakukuwa na kitu cha kuona ila ukungu. Labda naye alikuwa na wazee wake katika mojawapo ya vilima vile. Akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Nendeni," akasema. "Lakini shule asikanyage tena. Na wewe mwalimu, utasikia kutoka kwa hedmasta wako."

Nilisikia. Muhula ulipokwisha sikuhitajika tena. Hedmasta aliniambia akiwa amesimama, akanipa mkono, akasema nilikuwa nimejaribu. Nilipita kati ya madarasa matupu nikiwa mwepesi ajabu, kama mtu aliyepona homa, na sikujua kwamba ningekuja kufundisha historia maisha yangu yote, katika shule nyingine, chini ya serikali nyingine, na kwamba kila mwaka ningeifikia sura ile na kila mwaka ningefunga kitabu nikawasimulia habari ya kofia ile.

Siku yangu ya mwisho pale, alasiri, Mama Wakesho alikuwa jikoni anapika na Mzee Tino alikuwa uani na cherehani ya mtu mapajani. Nilikaa kwenye jiwe karibu naye. Jua lilikuwa limeanza kulegea, na ua wote ulikuwa na ule mwanga mzito wa rangi ya asali ambao nikifumba macho bado naupata. Kulikuwa na swali nililolibeba tangu siku ya darasani, na niliona nisipoliuliza sasa halitaulizwa.

"Mzee," nikasema, "ile siku ya kwanza ulirudi nyumbani na shati jeusi. Baba yako alisema nini?"

Aliendelea kuzungusha gurudumu la cherehani kwa kidole. "Hakusema kitu. Alitazama shati. Halafu akasema, vua viatu. Nikavua. Akakaa chini, akapaka rangi, akapiga brashi, sana, sana, mpaka naona uso yangu ndani. Akanivalisha yeye mwenyewe. Akafunga kamba. Mimi nikafikiri, sasa baba amekubali. Baba anajivunia mimi. Nikaenda gwaride, na viatu yangu inang'aa kuliko ya watoto wote." Gurudumu likasimama. "Miaka ikapita. Niko mfungwa, hapa hapa Kenya, kambini. Asubuhi moja nafunga viatu, nikakumbuka mikono yake ikifunga kamba. Ilikuwa inatetemeka." Akainua kiganja juu kidogo ya goti lake kunionyesha kimo. "Mtoto hivi, maestra. Na baba yangu alikuwa ananiogopa. Mimi."

Nilipoinua macho nilimwona Mama Wakesho mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, unga umeganda kwenye vidole. Akamuuliza kitu kwa Kidawida, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake, na kutokana na namna alivyouliza nikaelewa kwamba katika miaka yao yote pamoja hakuwahi kuambiwa jambo lile. Mzee Tino akaanza upya, kwa Kidawida. Kwa lugha hiyo ilikuwa hadithi ndefu zaidi, ina mahali pa kusimama, na mara nyingine alitafuta neno naye mkewe akampa. Mama Wakesho aliuweka mwiko chini, akaketi udongoni kando yake na nguo yake ya kazi, akaishika ile mikono ya grisi, yote miwili, akaiweka mapajani mwake. Jikoni ugali ulianza kuungua. Hakuna aliyeinuka, kwa hiyo niliinuka mimi nikauepua, kisha nikaingia chumbani kufunga mizigo yangu, nikawaachia ua.